Huku Salama

Refa wa mtaa wetu alikuwa hapendi kupiga filimbi. Ungedhani mtu wa kazi ile anaipenda filimbi yake kama dereva anavyoipenda honi, lakini yeye aliweza kuchezesha mchezo mzima wa shule za sekondari, vumbi limetanda, watoto wanaparurana, na milio yake ukaihesabu kwa vidole. Alisema wachezaji wakisikia filimbi kila mara huacha kuisikia. Alichotumia zaidi ni macho. Mchezaji akimwangusha mwenzake makusudi, Refa alimsogelea, akamtazama, na mara nyingi yule mkosaji mwenyewe alimnyanyua mwenzake na kumpukuta vumbi.

Tulimwita Refa, wakubwa kwa wadogo, pale Majengo mjini Sumbawanga. Wauza nyanya, mafundi pikipiki, hata imamu wa msikiti wetu. Mtu mmoja tu alilikataa jina hilo, naye ni mama mkwe wake. Yeye alimwita Mama Salha, kwa jina la mjukuu wake, mtoto wa pekee wa Refa, na alilitamka kwa mkazo, kama anayemrudisha mkwe wake ndani ya nyumba.

Mimi nilikuwa jirani. Ukuta wangu na wa kwao ulikuwa mmoja, na cherehani yangu ilikaa barazani, kwa hiyo alfajiri yake niliiona kila siku. Miezi ya kipupwe, upepo wa Ufipa unapokata masikio na watu wanajifunga vitenge juu ya makoti, yeye alipita anakimbia, jasho linamtoka. Tatizo lake lilikuwa heshima. Hakuweza kumpita mtu mzima bila kusimama na kumwamkia. Akikutana na bibi anayetoka kuteka maji, alisimama, "Shikamoo bibi," akaulizwa habari za mume, za mtoto, za shamba, akajibu zote, kisha akaanza kukimbia upya mwili umeshapoa. Mwisho akahamia barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, kwa sababu huko saa hizo hakukuwa na wazee.

Uwanjani hakuna aliyemtikisa. Nyumbani na sokoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinunua nyanya zilizooza kwa kuona haya kumkatalia muuzaji. Akienda harusini alianza kulia kabla bibi harusi hajatoka ndani. Mama mkwe alipomkemea chumvi imezidi kwenye maharage, alisema "samahani mama" na kuinamisha kichwa, yule yule aliyekuwa akiwatoa nje kwa kadi nyekundu wanaume wenye vifua kama milango.

Kisa cha Milepa nilikisikia kwa dereva wa mume wake, naye Refa hakukikana. Huko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, mzee mmoja mfugaji, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini magharibi mwa nchi, alitoa dume liwe zawadi ya mashindano ya vijiji. Timu yake ikaingia fainali, na Refa akaombwa akachezeshe. Dakika za mwisho mtoto wa mzee yule akaanguka kwenye eneo la hatari. Uwanja wote ukadai penalti. Refa akaonyesha kwa mikono mchezo uendelee. Vijana wakaingia na fimbo zao. Yeye akaukanyaga mpira kwa mguu mmoja, akatulia.

Mzee akaja mwenyewe, taratibu. Akamwambia, "Binti, ng'ombe ni wangu, uwanja ni wangu, na aliyeanguka ni mwanangu."

Refa akamjibu, "Shikamoo baba. Na filimbi ni yangu."

Mzee akacheka, akawaamuru vijana watoke. Timu yake ilifungwa. Tangu hapo kila lori lililopanda kutoka bondeni lilimletea Refa kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mzee yule, na mama mkwe, ambaye hakutaka kusikia habari za mpira, aliyanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Mume wake alikuwa mtoto wa familia ya maduka na magari pale mjini. Fuso zake zilishusha mahindi na maharage Tunduma na Mbeya, na zikaleta samaki, migebuka, kutoka Kipili kwenye Ziwa Tanganyika. Alikuwa mpole, mtu wa kuongea chini chini. Ndugu zake walimjia juu kwamba mke wa Kiislamu hawezi kukimbia mbele za watu, akawasikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Mimi nilimwoa akiwa anakimbia. Sikumkuta amekaa." Kisha akaja barazani kwangu akaniomba nimshonee mkewe mtandio wa kubana, wa kitambaa kinachovutika, usiovuliwa na upepo wala kuziba masikio. Nilishona, tukajaribu, nikafumua, nikashona tena. Ule ndio aliouvaa mpaka mwisho, mweusi, na chini ya kaptula ya uamuzi akavaa suruali ya kubana, nyeusi pia. Ndugu wakanyamaza.

Namna alivyopanda ngazi sikuielewa vizuri wakati ule. Alianza na mechi za shule, zikafuata za mkoa, kisha ligi ya wanawake huko mijini. Baadaye akavikwa beji ya kimataifa, kitu ambacho mkoani kwetu tulikuwa tukikiona kwa watu wa televisheni tu. Mpira wa ukanda wetu, nchi za Afrika Mashariki na Kati, una baraza lake, na baraza lile huandaa mashindano ya timu za taifa za wanawake, mwaka huu nchi hii, mwakani nchi ile. Waamuzi huchaguliwa kutoka nchi zote wanachama. Refa alipoitwa mara ya kwanza alikaa pembeni kama mwamuzi wa akiba, na bado mtaa mzima ulijaa kwangu kutazama, kwa kuwa nilikuwa na televisheni kubwa kidogo. Alipoonyeshwa akinyanyua ubao wa kubadilisha wachezaji, tulishangilia kama amefunga bao.

Kila aliporudi alimletea Salha salamu. Sina maana ya zawadi. Alijifunza kuamkia kwa lugha ya watu wa kule alikokuwa, akaja kumfundisha mtoto, na Salha akapita mlango kwa mlango akituamkia kwa maneno tusiyoyajua, akisubiri tushindwe kujibu. Alikuwa mtoto mwembamba, mcheshi, mwenye pumu. Siku za upepo mkali kifua kilimbana, wakamfukizia, wakampa dawa yake ya kuvuta, na kesho yake ungemkuta anafukuza mpira na wenzake.

Mwaka ule Refa aliitwa kuwa mwamuzi wa kati. Ilikuwa Julai, na Julai kwetu upepo hauna huruma. Ingawa Salha alikuwa amekaa miezi mingi bila kubanwa, Refa alikuja barazani akakaa kwenye benchi la wateja, akaniuliza kama aende. Kabla sijajibu, Salha, aliyekuwa akichezea vipande vya vitambaa, akasema, "Mama, usipoenda mimi nitawaambia nini wenzangu shuleni?" Tukacheka wote. Akaenda.

Mashindano yalipofika katikati, Salha alibanwa na kifua kuliko siku zote. Dawa ya kuvuta haikufungua kitu. Tulimpeleka hospitali, baba yake, shangazi yake na mimi. Wauguzi walifanya walichoweza. Kulipopambazuka akawa ameshaondoka.

Tulikuwa tumesimama ukumbini nje ya wodi, baba yake katikati yetu, wakati simu yake ilipolia mkononi. Alikuwa ni Refa. Siku za mechi alipiga asubuhi, kwa sababu baadaye waamuzi huweka simu zao pembeni, na siku ile jioni alikuwa na nusu fainali. Niliiona sura ya mume wake. Alifumba macho, akapokea.

"Huku salama," akasema. Akasikiliza. "Bado amelala."

Akamtakia mechi njema, akakata simu, akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini.

Baadaye wazee wa familia walikaa. Shangazi wa Salha alisema Refa aambiwe hapo hapo, ni mama yake. Mjomba mmoja akauliza akiambiwa atafanya nini, yuko nchi za watu, ndege ya siku ile haipo, na maiti ya Muislamu haikai ikisubiri. Mume wake alisikiliza wote. Kisha akatoka nje akampigia kiongozi wa msafara wa waamuzi, akamwomba mkewe asiambiwe mpaka mechi iishe, na akishaambiwa asiachwe peke yake hata kidogo. Kwetu alisema jambo moja tu: kwamba hakuweza kuvumilia kumfikiria mkewe chumbani kwa wageni, ameshika simu, hana hata mtu wa kumkamata asianguke. Sikuwahi kudhani ule ulikuwa ubaya. Alimpenda sana, na ndilo alilolifanya.

Mama mkwe hakuweza kusimama. Walioingia kumwosha Salha tulikuwa mimi na shangazi yake. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri. Makaburini wanawake kwetu hatuendi, tulibaki nyumbani na majirani, jikoni moto unawaka, watu wakija na kuondoka.

Jioni nilivuka kwenda kwangu kuchukua sufuria kubwa. Nikawakuta wanangu wamewasha televisheni, sauti wameizima. Refa alikuwa katikati ya uwanja na manahodha wawili. Alirusha sarafu, ikaanguka, akasema kitu, na wale mabinti wakacheka, naye akacheka. Nilisimama na sufuria mkononi. Akaja jirani mmoja kunifuata, naye akasimama. Wakaja wengine, mikono imelowa maji ya vyombo, kanga zimefungwa viunoni, mpaka chumba kikajaa wanawake waliotoka msibani. Tulikuwa tunamtazama mama wa marehemu, naye hajui.

Alichezesha vizuri. Hata mimi nisiyejua mpira niliona. Alikuwa kila mahali, mwepesi, hakosei, na filimbi aliipeleka mdomoni kwa nadra. Mwishoni binti mmoja wa timu iliyofungwa, mdogo kuliko wenzake, alipiga magoti kwenye majani akilia. Refa akamwendea, akachuchumaa, akamfuta uso kwa kiganja. Hapo wanawake walipasuka kilio pale chumbani kwangu, na nikaizima televisheni.

Walimwambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, waamuzi wenzake wakiwa wamemzunguka. Wanasema hakupiga kelele. Alivua viatu, akavipanga, akauliza amezikwa saa ngapi.

Alipofika nilikuwa uani na wanawake wengine. Mume wake alikuwa amekwenda na gari kumpokea Mbeya, na njia yote ile ndefu, nadhani, hakumuuliza kitu. Alipita katikati yetu, akaenda chumbani kwa mtoto, akatoka, akasimama mbele ya mume wake. Hakupandisha sauti.

"Nilipopiga simu, alikuwa hai?"

"Alikuwa ameshaondoka," mume wake akasema.

"Ukasema amelala."

Refa akakaa mkekani kama wafiwa wote, na kwa ninavyojua, neno lile halikurudi tena kati yao. Waliendelea kuishi nyumba moja. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza alipovunjika mguu. Lakini jambo, hata liwe dogo kiasi gani, alimuuliza mara mbili. Umeshakula? Kweli umeshakula? Gari limefika? Kweli limefika? Yule bwana alijibu mara mbili, kwa upole ule ule, mwaka hadi mwaka.

Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Siku chache baada ya tanga kuanuliwa, nikiwa nakata kitambaa barazani, nilimsikia akiita ng'ambo ya ukuta, "Refa! Refa, njoo uchukue maji." Mkasi ukanisimama mkononi. Jina alilolikataa miaka yote ndilo sasa alilomwitia, na Mama Salha hakulitamka tena. Refa aliitika, "Abee mama," akaenda kuchukua maji.

Baraza la ukanda lilisifu sana mechi ile. Nilisikia vipande vyake vilionyeshwa kwa waamuzi wachanga wajifunze. Pale mjini wakubwa wa michezo walimwandalia hafla uwanjani, na mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye mama aliyepata habari za msiba, akajifuta machozi, akaingia kuchezesha kwa ajili ya taifa. Watu wakasimama wakampigia makofi. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakinong'onezana kwamba huyo ndiye aliyejua mwanawe amekufa, akaona afadhali mpira. Waliompigia makofi na waliomsengenya walikuwa wameamini kitu kimoja. Refa alipokea cheti, akashukuru, akarudi kukaa. Njiani nilimuuliza mbona hakuwasahihisha. Aliniambia, "Niwaambie nini, dada? Kwamba mjini wote mlijua isipokuwa mimi?"

Aliitwa tena mwaka uliofuata, na akaenda. Watu walisema moyo wake ni jiwe. Mimi nilimwona alivyokuwa akikunja ule mtandio na kuukunjua, akiukunja tena.

Alichonisimulia baadaye ni hiki. Asubuhi ya mechi yake ya kwanza mwaka huo alipiga simu nyumbani. Mume wake akasema huku salama. Akauliza tena, akajibiwa tena, salama kabisa, mama anakunywa chai. Akamwomba aongee na mama, mama akaongea. Alipokata simu akawaza, labda mama ameambiwa aseme hivyo. Akampigia wifi yake, wifi akasema salama. Akawaza, labda nao wamekaa kikao. Akaingia uwanjani hivyo. Mapumziko alimwomba kamishna wa mchezo simu, akaambiwa taratibu haziruhusu, akarudi kipindi cha pili, akachezesha mpaka mwisho, na hakukumbuka hata bao moja. Wachezaji walipopeana mikono alibaki katikati ya uwanja akitazama nyuso za viongozi waliokuwa wakimjia, akijaribu kusoma nani anajua nini.

Hapakuwa na kitu. Nyumbani kulikuwa salama kweli. Lakini alirudi kabla mashindano hayajaisha, akarudisha beji, na hata mechi za watoto wa shule hakuchezesha tena. "Neno lile limekufa," aliniambia. "Kila atakayelisema nitamsikia, na sitamwamini." Walimu walikuja kumbembeleza. Mabinti waliotaka kujifunza uamuzi walikaa mlangoni kwake. Aliwapikia chai, akawauliza habari za shule, akawaaga.

Macho yangu yalipoanza kushindwa na sindano nilihamia Mpanda kwa mwanangu, tukapotezana kwa miaka kadhaa. Mwaka jana nilirudi Sumbawanga kuzika shangazi yake Salha, yule niliyeshirikiana naye siku ile. Kulipotulia, kesho yake nikiwa natakiwa kupanda basi, nilikwenda kumuaga Refa. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Amenenepa kidogo, magoti yanamsumbua, nywele zimeanza kuwa nyeupe chini ya mtandio. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume alikuwa ghalani nyuma ya nyumba. Tukaulizana hali, tukaongea habari za marehemu. Nilipotaka kunyanyuka akanishika mkono.

"Dada, mwanangu mlimwosha wawili. Sasa umebaki wewe."

"Ndiyo," nikasema.

"Sijawahi kukuuliza."

"Hujawahi."

"Nisimulie. Tangu mlipoingia. Usiruke kitu."

Nikakaa tena. Nikamwambia kwamba maji tuliyapasha moto, kwa sababu ilikuwa baridi, na shangazi yake aliyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Nikamwambia tulianza upande wa kulia. Kwamba alikuwa mwepesi, na uso ulikuwa umetulia, kifua kimelala, hakikuhangaika tena. Nywele tulizifumua, tukaziosha, tukamsuka mikia mitatu, tukailaza nyuma. Aliuliza nani alisuka. Nikamwambia ni mimi. Aliuliza kama nilimvuta, maana alikuwa hapendi kuvutwa nywele. Nikamwambia nilisuka kwa kulegeza.

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maharage.

"Gotini alikuwa na kidonda," akasema. "Alianguka shuleni siku moja kabla sijaondoka. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, akanikasirikia, hakutaka kuniaga vizuri. Kilikuwa kimepona?"

Alinitazama kwa yale macho yake. Ilikuwa rahisi kusema kimepona. Mtu yeyote angesema hivyo, kwa huruma, na labda hata mimi mahali pengine, kwa mtu mwingine.

"Hakikuwa kimepona," nikamwambia. "Kilikuwa na gamba. Nilipofika hapo nilimimina maji kidogo kidogo, nikiogopa lisije likabanduka."

"Likabanduka?"

"Halikubanduka."

Akaweka ungo chini. Akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia, kwa sauti, kama walivyolia wenzake siku ile kwangu naye hayupo. Mume wake alitokea kwenye kona ya nyumba kwa kusikia kilio. Akatutazama, akaelewa, akabaki amesimama pale pale alipo, kofia mkononi.

Nilinyamaza, nikidhani yametosha. Chini ya kanga akasema, "Endelea." Nikaendelea na mguu wa kushoto.